Niko na Morris

Sokoni Voi, watu wakisukumana kati ya nyanya na mitumba, fimbo ndefu yenye wavu kichwani ilimgonga Danson sikioni.

"Pole jamani!" akasema msichana mwenye sketi ya michezo na soksi nyekundu zilizopanda hadi magotini.

"Dada, Voi hakuna ziwa. Unavua nini na hiyo kitu?"

"Wanaume wenye domo." Akacheka. "Hii ni ya lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa wavu. Naitwa Wanza. Mimi ni beki."

Basi wakapendana. Lakini Danson, fundi wa simu pale karibu na steji ya matatu, alipenda kwa woga. Mrembo huyu atakaa na mimi kweli? Kila jioni alimpigia asikie kama bado ni wake.

Jioni moja Wanza akapokea mbio mbio. "Bebi, ngoja, tunaanza zoezi." Akaitupa simu nyasini bila kukata.

Danson akasikiliza. Wanza alikuwa anahema.

"Niko na Morris! Niko na Morris!"

Mwanamume akacheka karibu naye.

"Nimembana! Hatoki!"

Danson akakata. Alizima simu, akafunga kibanda, akalala na njaa.

Wanza alipiga, akapiga tena. Danson alikuwa mteja, hapatikani. Akaenda kibandani, akakuta kufuli. Akajiuliza: amepata ajali? Amepata mwingine? Uwanjani akawa anaduwaa tu, mpira mgumu kama jiwe ukampiga begani.

Danson naye, wivu haulali. Alikwenda uwanjani kumwona huyo Morris, akachungulia kwenye ua. Kijana mrefu alikuwa anakuja mbio na mpira. Wanza alirudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, macho kwenye kiuno cha yule kijana.

"Niko na Morris!"

"Niko na Titus!" akapaza beki mwingine, Kalondu.

Loo! Danson alitamani ardhi immeze.

"Wewe wa kwa ua!" kocha akaita. "Tumepungukiwa na mshambulizi. Ingia!"

Akapewa fimbo na mpira. Wanza akasimama mbele yake, macho yamelowa nyuma ya miwani ya kinga.

"Kumbe uko hai."

"Niliskia uko na Morris."

"Mjinga wewe! Beki lazima aseme yuko na nani, wenzake wajue mpinzani gani ameachwa. Wewe umeniacha na hukuambia mtu."

"Nilikuwa naogopa, Wanza. Kila siku naogopa utaenda."

"Hata mimi naogopa. Huu mpira naogopa, na hiyo simu yako ikiwa mteja naogopa zaidi. Nimekimbia?"

Wanza akakunja magoti, akasogea mpaka fimbo zao zikagusana, akapaza sauti uwanja mzima ukageuka.

"Niko na Danson!"

"Mbane!" Kalondu akapiga kelele.

"Nimembana. Hatoki."

Mpira ukamtoka Danson, ukabingirika nyasini.

"Sitoki," akasema.