Mzee wa Upande wa Pili wa Waya

Jua lilikuwa linazama Murielle alipopanda farasi kwenda kumtafuta mtamba mmoja aliyejitenga na wenzake. Mtamba huyo alikuwa amekaribia kuzaa, uzao wake wa kwanza, na hangeweza kuachwa nje. Baridi ya Julai huua ndama kabla manyoya hayajakauka.

Murielle alitoka Masisi, mashariki mwa Kongo. Miaka sita alisuka nywele katika fleti moja ya Berea, jijini Johannesburg, mpaka vidole vikagoma kushika hata kijiko. Ndipo aliposikia kwamba Mwaniki, Mkenya aliyefanya kazi benki, amenunua shamba la ng'ombe kusini mwa jiji hilo na anatafuta watu wanaojua mifugo. Mwaniki alicheka alipomwona. Mwanamke? Murielle akapanda farasi palepale, akakusanya kundi zima, akalifunga zizini. Kazi akapata.

Huu ulikuwa mwaka wake wa pili. Alikaza nyaya za uzio, akaogesha ng'ombe dawa ya kupe, akalala ananuka jasho la farasi. Alikuwa na raha.

Farasi wake aliitwa Robot, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama ghafla kama aliyeona nyekundu. Kwa hiyo aliposimama karibu na waya wa kusini, Murielle hakushtuka. Alimgusa kwa kisigino.

Robot hakusogea. Masikio yake yalilala nyuma. Alikuwa anatetemeka.

Kisha Murielle akasikia.

"Hoooi... hoooi-ya, Gaju..."

Mwito mrefu, wa puani, unaoishia na kikohozi kifupi. Murielle aliujua kabla hajaufikiria. Kila mfugaji kwao alikuwa na mwito wake, na huu ulikuwa wa baba yake, mzee Jacques. Gaju alikuwa ng'ombe wake kiongozi. Miaka saba iliyopita watu wenye bunduki waliswaga kundi lote, na mzee akalifuata porini na fimbo yake. Hakurudi. Hakuna aliyeona maiti. Hakuna kaburi.

Ng'ombe waliokuwa bado malishoni waliinua vichwa, wote kwa pamoja. Wakaja. Bila kulia, bila kusukumana... wakajipanga mbele ya waya kama watu kanisani.

Harufu ikamfikia. Maziwa, ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi.

Upande wa pili wa waya alisimama mtu mwenye koti refu la mvua. Fimbo ilikuwa mabegani, mikono imening'inia juu yake. Alikuwa amempa mgongo.

"Murielle," akanong'ona. "Baridi, mtoto wangu. Fungua waya."

"Papa?"

"Fungua."

"Geuka kwanza nikuone."

Nyasi kavu zikasugua koti.

"Fungua kwanza."

Machozi yalikuwa yanamtoka naye hajui. Alishuka. Akatoa koleo mfukoni. Waya wa juu ukakatika, tiing! Akashika wa pili...

Nyuma yake akaguna mtamba, yule yule aliyekuwa anamtafuta.

Alikuwa amelala ubavu, na miguu miwili ya ndama imeshatokeza. Mikono ya Murielle iliamua kabla ya moyo wake. Alitupa koleo, akaizungushia miguu ile kamba, akavuta, akapumzika, akavuta tena. Ndama akaanguka kwenye nyasi, akifuka mvuke. Akapiga chafya.

Alipoinua macho, upande wa pili palikuwa na nyasi tu.

Lakini ng'ombe walikuwa bado wanatazama palepale.

Usiku alimsimulia Selemani, Msukuma wa Shinyanga, mtu mzima aliyechunga katika mashamba ya huku miaka ishirini. Walikuwa wawili tu pale, katika nyumba ya vyumba viwili.

"Wezi hao, mwanangu," Selemani akasema. "Wana dawa. Wanakuletea sauti ya marehemu wako mpaka unafungua mwenyewe. Shamba la ng'ambo ya mto waliondoka na ng'ombe thelathini. Mchungaji aliyefungua, mpaka leo haongei."

"Mwizi wa hapa amemjuaje Gaju?"

Selemani alichochea moto.

"Kesho nitaenda mimi. Mimi sina marehemu wa kunisumbua, hata mama yangu bado yupo nyumbani."

Mwaniki alipopigiwa simu aliagiza mambo mawili. Waombe sana, na waya utengenezwe.

Kesho yake alasiri Selemani aliondoka na roli la waya mpya begani. Alirudi giza limeshaingia, kwa miguu, anamvuta farasi. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nimefungua, Murielle."

"Eish! Mzee Selemani!"

Alichukua tochi, akakimbilia zizini. Alihesabu mara moja. Akahesabu tena, kwa kuwagusa migongo. Wote walikuwepo, pamoja na ndama wa jana.

Hakuna aliyetoka.

Alirudi mbio. Selemani alikuwa ametoa blanketi lake jipya, lile alilokuwa analiweka kwa ajili ya safari ya nyumbani. Sasa alikuwa ameketi nje ya mlango wa chumba chake. Ndani hakuwasha taa.

"Shusha sauti," akamwambia. "Mama amelala."

Ndani ya chumba kitanda kikalia, kama mtu anapogeuka usingizini.

Nywele zilimsimama Murielle. Miguu ilimwambia kimbia, barabara kuu haiko mbali, teksi za mjini bado zinapita. Lakini swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Alikuwa peke yake?"

Selemani alimtazama kwa huruma.

"Kuna mzee mmoja amebaki kule. Nilimwambia aingie, waya umeshafunguliwa. Amekataa. Anasema atafunguliwa na mtoto wake."

Murielle akasimama kizingitini. Huko kusini, mbali na zizi, mahali ambapo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja, ng'ombe walianza kulia. Wengi. Kundi zima.

Selemani akamsogezea kigoda karibu na moto.

Murielle hakuketi. Wala hakuvua buti.