Soketi Iliyochomolewa

Asubuhi ile Kagongwa ilikuwa imefurika. Malori yalipakia mchele pande zote za barabara, pumba zikipeperuka hadi ndani ya vikombe vya chai, na katikati ya pilikapilika hizo Probox nyeupe ya Asteria ikashtukashtuka mara mbili, kisha ikakataa kabisa kuongeza mwendo. Asteria aliuza dawa za mifugo mjini Kahama. Nyuma ya gari alikuwa na kasha la barafu lenye chanjo za kuku, na wafugaji wa Mwakitolyo walikuwa wakimngoja.

"Mwangaluka, mayu," sauti ilimsalimu kwa Kisukuma dirishani. "Gari limegoma?"

Alikuwa kijana mrefu, kavaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi kama shati la kanisani. Kifuani palidariziwa jina kwa uzi mwekundu: Boaz.

"Limegoma, na barafu yangu inayeyuka."

"Basi fungua boneti."

Alichomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma kwenye kioo, akaguna. Kisha akafungua bomba la hewa, akatoa kidude cheusi kinachoenea kiganjani.

"Hii ni sensa ya hewa, kifaa cha kupima hewa inayoingia kwenye injini. Unauona huo waya humo ndani, mwembamba kama unywele? Gari linaupasha moto kwa umeme. Hewa ikipita, inaupoza. Kompyuta inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kuurudishia joto lake, ndipo inajua hewa kiasi gani imeingia, na inamwaga petroli ya kulingana nayo."

"Sasa wangu una nini?"

"Chujio lako limechanika. Vumbi limeuvisha waya koti, haupoi vizuri. Kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inalinyima gari petroli."

"Maskini, kumbe linaonewa tu."

"Linaonewa kama mimi. Tangu nifike hujaniuliza hata jina."

"Si limeandikwa hapo kifuani?"

Wakacheka wote wawili. Dawa ya kusafishia waya ule ilikuwa imemwishia Boaz; angeipata Mwanza siku ya Jumamosi. Aliziba chujio, akairudisha sensa mahali pake, lakini soketi yake ya nyaya akaiacha ikining'inia.

"Nenda hivyo hivyo, ila usikimbize sana. Taa ya injini itawaka, usiiogope. Mengine nitakueleza kwenye simu." Wakapeana namba.

Chanjo zilifika salama. Jioni ile simu ikaita. Alikuwa Boaz.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nilikuwa nangoja nisikie sauti yako kwanza."

"Basi sasa ukale, mpenzi. Yalaa! Limeniponyoka."

"Liache hapo hapo lilipoangukia."

Kwa siku nne mfululizo waliongea mpaka masikio yakawaka moto. Waliongea juu ya mama yake Boaz, juu ya kanisa, juu ya samaki wa kukaanga na nani anajua kuwakaanga. Kuhusu soketi hakuna aliyekumbuka.

Siku ya tano Asteria alimpa gari fundi mwingine wa Kahama, Nasibu, abadilishe breki. Nasibu akaiona taa, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

"Dada, umepigwa. Sensa yako halisi imechukuliwa, ukawekewa mbovu. Ndiyo maana hata soketi hakuichomeka. Angeichomeka, angeumbuka."

Asteria hakungoja aambiwe mara mbili. Alichukua gauni la kitenge cha njano alilokuwa amelishona kwa ajili ya kuonana na Boaz Jumamosi, akalivaa kwa hasira, akaendesha hadi Kagongwa. Boaz alikuwa kwa mama lishe, kazungukwa na wapakiaji wa mchele.

"Rudisha sensa yangu!"

Vijiko vikasimama. Boaz aliweka chake chini taratibu.

"Asteria, umenipigia ukaniuliza?"

"Mwizi huulizwa?"

Boaz aliinuka, akaondoka. Kwa siku kadhaa alipiga simu. Asteria aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Wiki ya pili haikuita tena. Akajiambia amefurahi, na usingizi ukakataa kuja.

Mwishowe aliendesha hadi dukani kwa mama mmoja, Taramati, aliyeuza vipuri Kahama miaka mingi, akaichomoa ile sensa na kuingia nayo.

"Shikamoo, mama. Nataka kama hii, ila halisi."

"Marahaba, mwanangu." Taramati aliishusha miwani puani, akasoma namba kwenye sensa, akaenda kuilinganisha na orodha ya vipuri vya Probox. "Halisi si ndiyo hii? Imekuja na gari lako toka Japani. Ina uchafu tu."

"Mbona fundi aliichomoa soketi?"

"Waya mchafu unaidanganya kompyuta. Ukichomoa, kompyuta inajua haina kipimo, inatumia makadirio yake yenyewe. Gari linakuwa zito, lakini linatembea. Huyo fundi alitaka ufike uendako."

Taramati aliupulizia waya dawa, akauacha ukauke, kisha wakairudisha sensa garini na kuichomeka soketi. Injini ikanguruma kwa utulivu. Asteria alikaa nyuma ya usukani, uso umemwiva kwa aibu.

Alifika Kagongwa kwa mama lishe saa ya chakula, watu wakiwa wale wale. Boaz alikuwa akinawa mikono.

"Mliosikia siku ile, sikieni na leo," Asteria alisema. "Boaz hakuniibia kitu. Mimi ndiye niliyemkosea, nikamvunjia heshima mbele yenu. Boaz, nisamehe."

Boaz alijifuta mikono kidole kwa kidole. Hakutabasamu.

"Jina la wizi litapita, hapa wananijua. Kilichoniuma ni kwamba namba yangu ulikuwa nayo."

"Najua."

"Ukinitilia shaka tena, niulize kwanza."

"Nitakuuliza."

"Anza sasa."

Asteria akauliza, "Una mtu?"

"Ninaye. Ila nilimpigia siku kadhaa, hakupokea."

"Mpigie tena."

Boaz akatoa simu, akapiga. Ikaita ndani ya mkoba wa Asteria, hatua mbili kutoka aliposimama. Akapokea, akaiweka sikioni.

"Haloo?"

"Jumapili nakwenda kumsalimia mama yangu," Boaz alisema kwenye simu, macho yakiwa kwake. "Nataka akufahamu. Twende?"

"Twende," Asteria akajibu, na hakuna kati yao aliyekata simu.