Kamba ya Don Ygnacio

Mnaoniuliza kwa nini wifi yangu Kyakimwa haingii tena kazini, ketini niwaambie. Sehemu nimesimuliwa naye mwenyewe. Sehemu nimeiona kwa macho yangu.

Kyakimwa alikuwa akimhudumia Mzee Anselmo, hapa hapa Fairfield, Marekani, nyumba ya matofali mekundu karibu na reli. Jumanne ile alimwogesha, akampa chai, akamtoa barazani apate jua. Siku njema kabisa. Majirani walikuwa wakikata majani.

Mzee alizaliwa California, na alipenda kumsifu babu wa babu yake, Don Ygnacio. Bwana huyo alipewa ranchi na gavana, zamani California ikiwa bado ya Meksiko. Kamba ya ngozi ya ng'ombe iliyopimia ranchi hiyo ilikuwa imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni, nyeusi kwa mafuta ya mikono.

"Wapanda farasi wawili," mzee alieleza. "Mmoja anasimamisha kijiti, mwenzake anapiga mbio mpaka kamba ikaze. Hivyo hivyo, kutwa nzima. Wakimaliza, Don Ygnacio anang'oa majani, anayatupa pande zote nne. Ardhi imekuwa yake."

Kyakimwa ni mtu wa Beni, kwetu kwenye vita. Anajua maana ya kufukuzwa shambani. Akauliza, "Na watu waliokuwa wakikaa pale?"

"Walichunga ng'ombe wake. Kilichozungukwa na kamba kilikuwa chake. Maji, makaburi, watu."

"Mzee, kwetu mtu kama huyo tunamwita mwizi."

Anselmo aligeuza shingo, akatazama ndani, ukutani, kama mtu anayeangalia iwapo mwingine amesikia.

Kesho yake ukuta ulikuwa mtupu.

"Nani ameichukua kamba?" Kyakimwa akauliza.

"Wamarekani walimnyang'anya Don Ygnacio ranchi mahakamani," mzee akanong'ona. "Alikufa akiapa hataacha kupima. Sasa umemtukana." Akatabasamu. "Ametoka."

Kyakimwa alicheka, akanipigia simu kunihadithia. Lakini alipoenda kuanika shuka nyuma ya nyumba, aliona majani yamelala kwa mstari mmoja, mwembamba, ulionyooka. Ulipita chini ya uzio. Ulielekea upande wa kwetu.

Ijumaa mstari ulikuwa kwenye bustani ya watoto. Jumamosi asubuhi ulikuwa chini ya fleti tunayokaa na Kyakimwa, umezikata nyasi hadi mlango wa jengo.

Mchana huo tulikuwa jikoni, mimi na yeye, tunatayarisha sombe: mimi nikikata majani ya muhogo kwa kisu, yeye akitwanga. Mume wangu Venant, kaka yake, alikuwa kazini. Jua kali, madirisha wazi. Ghafla harufu ya jasho la farasi ikajaa nyumba.

Kisha tukasikia kwato. Zilikuwa koridoni.

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu.

"Wifi," Kyakimwa akanong'ona, "usifungue."

Sikufungua. Mlango ulijifungua. Hapakuwa na mtu. Mapazia yakajibana ukutani, kama yamefungwa na kitu kinachokazwa. Picha zikaanguka, moja baada ya nyingine, kuuzunguka ukumbi wote.

Halafu kimya.

Gauni la Kyakimwa likabanwa kiunoni. Niliona kitambaa kikikunjamana, kikizama ndani ya nyama. Akafungua mdomo.

"Ndiyo, bwana," akasema. Haikuwa sauti yake.

Akaanza kutembea. Miguu mitupu, juu ya vioo vya picha. Nikamshika mkono. Nikavutwa naye. Nikaita jina la Yesu, nikaita la mama yake. Tukafika mlangoni. Tukafika ngazi.

Kisu cha jikoni kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakata hewa mbele ya kiuno chake.

Kisu kiligota.

Kitu nilichokigusa, nisichokiona, kilikuwa kigumu, chenye unyevu, kama ngozi mbichi. Nikakata tena. Nikakata nikilia. "Si wako!" nikapiga kelele. "Huyu ana kwao! Si wako!"

Kitu kile kikakatika. Kyakimwa akanidondokea. Kwato zikashuka ngazi kwa kishindo, na kule chini mbwa wote wa mtaa wakabweka kwa pamoja.

Bertrand, msimamizi wa kazi ya Kyakimwa, alituambia mzee ni mzima. Anakula vizuri. Anauliza tu yule mwanamke atarudishwa lini.

Hospitali walimshona Kyakimwa nyayo. Daktari alipomgeuza, akasita, akaniita pembeni.

"Hili kovu la mgongoni alilipata utotoni?"

Nikatazama. Mduara, na msalaba ndani yake, nyama imefifia na kukauka kama jeraha la miaka mingi. Mimi nilimkanda mgongo huo wiki mbili tu kabla, ulikuwa laini kama wa mtoto. Na baba yangu alifuga ng'ombe Masisi. Alama ya chuma cha moto, ya mwenye ng'ombe, naijua.

Nikamwambia daktari ndiyo, alilipata utotoni. Ningemwambia nini?