Vijisanduku kwenye Kichupa cha Dawa

Jamani, haya yalitokea Jang'ombe, mwaka 2008...

Asila alimkamata Hamid ukosi wa shati mbele ya wodi.

"Umeifuta fonti yangu. Mama anakufa kwa sababu yako."

Ndani, Bi Mwanapili, mama yake Asila, alikuwa hajitambui. Sukari imeshuka vibaya mno.

Bi Mwanapili alisoma chuoni tu, yaani madrasa, herufi za Kiarabu ndizo alizozijua. Kwa ajili ya wazee kama yeye, Asila na Hamid walikaa mwaka mzima wakichora fonti, yaani umbo la herufi za kompyuta, ya kuandikia Kiswahili kwa herufi hizo, wakaipakia kwenye seva, kompyuta kuu ya duka moja la dawa. Muuzaji anaandika maelezo, seva inachora lebo, inachapwa, inabandikwa.

Asubuhi ile lebo zilitoka vijisanduku vitupu badala ya herufi! Muuzaji mgeni akadhani ndiyo maandishi yenyewe.

Bi Mwanapili akakisia. Badala ya kidonge kimoja, akameza vinne.

"Sijafuta kitu," Hamid alisema taratibu. "Faili lipo."

"Mwongo. Mbona kwangu inaonekana vizuri?"

"Kwako una nakala uliyoibadilisha jina. Seva haina. Yenyewe inayo ile yetu, Hamid-Asila. Lebo inaita fonti ya jina gani?"

Asila akauachia ukosi...

Lebo ilikuwa inaita "Asila". Basi.

Jana yake walikuja wageni wa maonesho kuiona fonti, na hakutaka jina la Hamid litangulie. Akalifuta kwenye nakala yake na kwenye agizo la lebo. Akatazama kwenye kompyuta yake, akaona imetoka, akaenda zake. Kwenye seva hakujaribu hata lebo moja.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu saa nne. Nshalirudisha jina kwenye lebo. Halafu nikapita kwa wagonjwa wengine saba kuzichukua zile lebo. Wa mwisho yuko Mwanakwerekwe. Ndiyo maana nimechelewa kuja."

Asila alikaa chini sakafuni.

Alasiri Bi Mwanapili alifumbua macho. Asila akamweleza yote, hakuficha.

Mama akajiinua kwa kiwiko.

"Hamid umemwomba radhi?"

"Bado, mama."

"Sasa hapa umekaa unanifanyia nini?"

Asila akatoka mbio. Hamid alikuwa bado kwenye benchi, viatu vimejaa vumbi.

Mpenzi msomaji, kazi mliyoifanya wawili usiiite kwa jina lako peke yako. Hujui nani atakunywa sumu ya hizo sifa zako.