Wa Mwisho Hafiki

Tulikuwemo watu watano katika chumba kile, na nitawataja mmoja mmoja, kwa sababu baadaye tulibishana hata juu ya idadi.

Wa kwanza ni mimi, karani mstaafu wa usajili wa magari. Wa pili ni mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, fundi wa vifaa vya umeme na mwenye chumba chenyewe. Wa tatu ni kinyozi wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima humwita Breki kwa kuwa hana. Wa nne ni binti yangu huyo, aliyesimama mlangoni akikunja nguo alizozianua kambani kabla ya mvua. Wa tano ni mwanamke aliyekaa kwenye benchi la ukutani, amevaa glavu za ngozi. Mkwe wangu alidhani amekuja na Breki. Breki alidhani amekuja na mimi. Mimi nilidhani ni mteja.

Binti yangu anashikilia mpaka leo kwamba tulikuwa wanne.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mke wangu alinituma nikachukue pasi yake, iliyokuwa kwa mkwe ikitengenezwa. Kitinda mimba wetu alikuwa anarudi jioni hiyo baada ya miezi minne ya kazi katika mji wa jirani, na mama yake alitaka kumnyooshea shuka. Alikuwa amekwisha kuniambia mara tatu nisichelewe.

Sikukipenda chumba kile. Hapo zamani kilikuwa karakana safi, kila bisibisi na msumari wake ukutani. Kisha mkwe wangu akaweka televisheni mbili kubwa, akaziba madirisha kwa makaratasi ya maboksi, akaanza kuchezesha watu gemu. Kikawa kinanuka jasho na nyaya za moto.

"Shikamoo, baba," alisema bila kugeuka. "Pasi iko tayari. Nimalizie raundi moja tu."

"Mzee, kaa kitako," alisema Breki. "Mkwe wako leo namnyoa bila maji."

"Wanyoe kwanza wateja wako," alijibu mkwe wangu. "Umemwacha mtu kwenye kiti na nusu kichwa."

"Nusu kichwa chake kina akili kuliko chako kizima. Chagua gari."

Walicheka, lakini si kicheko cha marafiki. Breki alikuwa amemshinda siku sita mfululizo, tena mbele ya mkewe.

Gemu lenyewe ni la mbio za magari. Magari yake ni kama picha: vumbi kwenye bampa, kutu chini ya mlango, hata wadudu waliokufa kwenye taa. Lakini juu ya barabara huning'inia visanduku vinavyong'aa, na dereva anayepita katikati ya kisanduku hupata silaha. Chekundu humpa kasi. Cheupe humkinga. Cheusi humwaga oili nyuma yake, na anayemfuata huteleza. Niliona ni upuuzi, magari ya kweli kuendeshwa kwa sheria za kitoto.

Mkwe wangu alikuwa anapitisha orodha ya magari. Akasimama.

"Haya mawili yametoka wapi?"

"Si umepakua wewe?"

"Sijapakua kitu."

Mwanamke wa benchini alisema kwa sauti ya chini, "Chukueni hayo. Ndiyo yaliyoko njiani."

Wakayachukua.

La mkwe wangu lilikuwa jeupe. Lilipogeuka kwenye skrini, niliona mlango wa nyuma wa kushoto umebonyea. Nilisogea. Mbonyeo ule naujua. Niliufanya mimi, kwenye nguzo ya geti, mwaka niliostaafu. Nikavaa miwani, nikasoma namba.

Miaka thelathini na moja niliandika namba za magari katika daftari, na ile niliiandika kwa mkono wangu. Lilikuwa gari langu. Nilimpa kitinda mimba wangu alipopata kazi.

La Breki lilikuwa la kijani. Namba yake nayo niliiandika mimi. Ni gari la kaka yangu, wa baba mmoja na mama mbalimbali, aliyeiuza nyumba ya baba yetu bila kuniambia. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka kumi na moja. Nilikuwa nimewakataza wanangu kukanyaga kwake, na sikusikia aliyekaidi.

Mbio zikaanza.

Barabara niliijua. Daraja la chuma. Machimbo ya mawe. Duka la mabati lililopakwa rangi upande mmoja. Ilikuwa barabara inayotoka mji wa jirani kuja kwetu, na kwenye skrini ilikuwa magharibi, kama nje. Tone la kwanza la mvua lilipopiga kioo cha gari jeupe, nilisikia tone jingine likigonga bati juu ya vichwa vyetu.

Mkwe wangu alikata kona vibaya. Gari jeupe likakwaruza ukingo wa daraja, kioo cha pembeni kikapasuka.

Kililia kama kioo. Si kama gemu.

"Hahaa! Kichwa kimoja tayari, bado masikio!" alipiga kelele Breki.

Nilitoa simu, nikampigia mwanangu. Nikaiweka sikioni, nikasubiri...

Mlio ukaanza.

Ndani ya televisheni.

Ulikuwa mlio wake, ninaufahamu. Huwa unamwamsha mama yake kila anapokuja likizo. Ulitoka kwa mbali, chini ya ngurumo za injini mbili, kama simu iliyofunikwa na koti. Nikakata haraka. Sikutaka aachie usukani kuitafuta.

Ndipo niliposikia harufu. Raba iliyoungua, na maji ya rejeta yaliyochemka. Mwanamke alikuwa ameinama karibu na bega langu.

"Wa mwisho hafiki," alinong'ona.

"Hafiki wapi?"

"Nyumbani."

"Zima!" nilimwambia mkwe wangu. "Zima umeme wote!"

Alinyoosha mkono kwenye swichi. Yule mwanamke hakupandisha sauti.

"Azime. Wote wawili watazimika."

Mkono wa mkwe wangu ukarudi wenyewe. Alimsikia, hilo amelikiri mbele yangu.

"Baba," binti yangu aliuliza kutoka mlangoni, "unaongea na nani?"

Nilikuwa naangalia nyuma ya gari jeupe. Taa za barabarani zilikuwa zinazimika, moja baada ya nyingine, na kila iliyozimika ilikuwa karibu zaidi.

"Breki, punguza mwendo," nilisema. "Nakuomba."

"Siwezi, mzee." Alikuwa hacheki tena. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia juu ya pedi ya kuchezea, naye anavitazama kama vya mtu mwingine. "Havinisikii. Wallahi havinisikii."

Nikampokonya mkwe wangu pedi.

"Baba, hujui hata pa kukanyaga!"

"Nionyeshe."

"Hiki mafuta. Hiki breki. Hiki unatupia ulichookota."

Sijawahi kucheza gemu, kabla wala baada. Niliendesha kama mtu aliye kwenye mtihani wa leseni: mikono imetulia, macho mbele, kona napunguza kabla ya kuingia, si ndani yake. Gari jeupe lilinisikia. Nililihisi mikononi, uzito wake ule ule wa zamani, hata tabia yake ya kuvuta kushoto. Nikaacha kulipigania, nikawa nalisindikiza.

Taa moja ikazimika juu ya buti.

Nikapita katikati ya kisanduku chekundu. Gari likaruka mbele, na giza likabaki nyuma kidogo. Taa nyekundu za gari la kijani zikaonekana, zikakua. Machimbo ya mawe yakapita. Nikaokota kisanduku cha pili.

Cheusi.

"Umepata," alisema mwanamke. Pumzi yake ilikuwa ya moto. "Unamjua aliyemo kwenye lile la kijani?"

"Namjua."

"Kweli?"

"Nilimsajili mwenyewe."

Alirudi benchini. Nilidhani ameridhika.

Tulikuwa tumekaribia. Kibao cha mji wetu, mwisho wa mbio, kilionekana mbele, cheupe katika mvua. Breki akashusha pumzi kwa kishindo.

"Vimerudi!" alisema. "Mzee, vidole vimerudi! Sikiliza, napunguza. Njoo ubavuni. Tuvuke sambamba, asiwepo wa mwisho. Umenisikia? Sambamba!"

Nilimsikia.

Akapunguza. Nikafika ubavuni mwake. Kwa muda mfupi magari mawili yalikwenda pamoja, gurudumu kwa gurudumu, na barabara nyuma yetu ikaacha kuzimika. Kioo cha gari la kijani kilikuwa na ukungu. Ndani yake niliona kivuli cha mtu. Kivuli kikageuka upande wangu, kikainua mkono.

Nilidhani ananikejeli. Miaka kumi na moja nilikuwa namngoja mtu huyo anipungie mkono barabarani, nikajiambia: ndiyo hii sasa.

Nikasogea mbele kiasi cha bampa moja. Nikabonyeza.

"Mzee!" alisema Breki.

Oili ilimwagika nyuma yangu kama kivuli. Gari la kijani liliingia ndani yake bila sauti. Likazunguka mara moja, polepole, na taa zake zikatuangaza usoni sisi sote mle chumbani, kisha zikaelekea kwenye mtaro.

Gari jeupe lilivuka peke yake.

Mvua ilikuwa imeacha kugonga bati. Breki aliweka pedi sakafuni taratibu, akajifuta mikono kwenye aproni yake.

"Nilikuwa nimepunguza," alisema. "Mlisikia wote. Nilikuwa nimepunguza."

"Asante, karani," alisema mwanamke. Alisimama, akapita pembeni ya binti yangu pale mlangoni, na binti yangu hakusogea kumpisha. Kwenye benchi alikokuwa amekaa palikuwa na maji, na maji yale yalikuwa yanatoa mvuke.

Nimemtafuta sana katika kumbukumbu zangu. Katika mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja dirishani mwanamke mwenye glavu kama zile. Alikuwa ameuza gari na alitaka jina lake litolewe kwenye daftari siku ile ile, kwa sababu, alisema, hamwamini aliyelinunua. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu. Nilimwambia daftari limefungwa, arudi Jumatatu. Jumatatu sikumwona. Kama ni yeye, sijui. Jina lake, mimi ninayekumbuka majina, silikumbuki.

Nilichukua pasi nikaenda nyumbani. Nitasema kweli: sikutembea kama mtu aliyeua. Nilitembea kama baba aliyemwokoa mwanawe. Njiani nilijiuliza nitasimama wapi kwenye mazishi ya kaka yangu, mstari wa mbele au wa nyuma, na nikaamua wa nyuma.

Mke wangu alinipokea kwa maneno. "Pasi moja saa nzima? Ulikwenda kuitengeneza mwenyewe?" Nilimpa, nikaketi kibarazani.

Saa moja na robo taa za gari ziligeuka kwenye kona yetu. Gari jeupe. Kioo cha pembeni kilikuwa kimepasuka. Nilisimama. Sikumbuki mara ya mwisho niliposimama haraka vile.

Lilisimama getini, mlango ukafunguliwa, akashuka kijana mmoja aliyevaa ovaroli lenye grisi. Sikumjua.

"Shikamoo, mzee. Mimi fundi wa gereji ya kule mjini. Nimeagizwa nilete gari hili hapa."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Gari lilimsumbua gia tangu mchana. Nikamwambia asiliendeshe mwenyewe safari yote hii, anipe mimi ninayeujua ugonjwa wake. Basi akaenda kwa baba yake mkubwa, akaazima la kule. Si huwa anashinda kwa mzee yule kila Jumapili?" Akatazama nyuma yangu, ndani ya nyumba, ambako mke wangu alikuwa amekwisha kuwasha pasi. "Kwani hajafika? Mimi nimesimama kuuliza njia hapa mjini, nikajua ameshanitangulia. Alikuwa mbele yangu njia nzima. Pale karibu na kibao nilipomfikia, akanipungia mkono."

Mwanamke yule hakuwa amesema kwamba wawili hawawezi kufika pamoja. Breki ndiye aliyeliona hilo, kinyozi ambaye hakumaliza hata darasa la nne.

Walimkuta mtaroni, mita arobaini kabla ya kibao cha mji. Barabara, kwa maelezo ya askari, ilikuwa na oili ambayo haikujulikana ilikotoka. Kitinda mimba wangu alifariki saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.