Aliyeitwa Mwambani

Aliyenisimulia haya ni dada yangu Ingunn, na Ingunn hajui kutia chumvi. Hata kahawa yake hainywi na sukari.

Jumamosi moja ya mwezi Juni, jua likiwa limechomoza vizuri, yeye na mumewe Thorlak walibeba chupa ya kahawa na chapati za maji, wakashusha boti yao ya injini kwenye Ziwa Winnipeg. Walikuwa wanaelekea mwamba ulio maili sita kutoka kijijini kwetu. Mwamba wenyewe hauonekani. Umejificha futi nane chini ya maji. Lakini pikereli, wale samaki wenye macho meupe kama ya paka aliyemulikwa taa, huzengea ukingoni mwake kutafuta dagaa.

Thorlak hakutaka kwenda. Hakuwa amefika pale tangu Oktoba, jirani yetu Bergur alipopotea na boti yake ikaokotwa tupu. Ingunn ndiye aliyemsukuma.

"Utaususa huo mwamba mpaka lini? Bergur mwenyewe angekucheka."

Kufika saa nne, samaki watano walikuwa ndani ya boti. Hata Thorlak alianza kutania.

"Sasa huyo wako, mke wangu, mbona kama kidole? Mrudishe kwa mama yake."

"Mama yake ndiye namvuta sasa hivi. Subiri uone."

Ndipo ukungu ukaja. Haukuja kutoka upande wowote; ulipanda kutoka majini, ukafunika jua, ukafunika ncha ya boti. Ndege walinyamaza. Maji yakatulia kama mafuta ndani ya sufuria.

"Twende," Ingunn alisema.

Thorlak akavuta nanga. Haikutoka. Hilo ni la kawaida, nanga hunasa mawe kila siku. Akavuta tena, na kamba ikavutwa chini. Taratibu. Mkono kwa mkono.

Akaikata kwa kisu.

Akawasha injini. Ikanguruma, maji yakachemka nyuma yao, lakini boti haikusogea hata shubiri. Akaongeza moto. Boti ikatetemeka palepale. Kwenye kioo cha mashine ya kutafutia samaki hapakuwa na samaki tena. Palikuwa na mstari mmoja tu chini yao, umesimama wima.

Injini ikazimika yenyewe.

"Thorlak. Nivute."

Sauti haikutoka mbali. Ilitoka chini ya miguu yao.

Ingunn alimtazama mumewe. Thorlak alikuwa amekaa, mikono kati ya magoti, uso mweupe kama ukungu wenyewe.

"Nilimsikia," alinong'ona.

"Nani?"

"Bergur. Siku ile. Aliniita mara tatu, hivihivi. Kulikuwa na ukungu, nikadhani ananichezea. Unamjua Bergur kwa utani. Na samaki walikuwa wanakula, Ingunn. Nikamwambia, ngoja nimalize hawa."

"Ukamaliza?"

"Nikamaliza."

Dada yangu anasema hakujua amzabe kofi au alie. Miezi minane alikuwa akimpelekea Asdis, mjane wa Bergur, mikate na supu, na mumewe akimbebea sufuria.

"Thorlak. Nivute."

"Mjibu," Ingunn alinong'ona.

"Siwezi."

Kitu kikagonga sakafu ya boti. Mara moja. Kisha maji yakaanza kupenya kwenye misumari, membamba, baridi, yakifika vifundoni. Hapakuwa na pa kwenda. Ukungu pande zote, na chini ule mstari wima.

Basi Ingunn akainama, akasema kwa sauti ndogo:

"Bergur, panda. Tukupeleke nyumbani."

Boti ikainama upande wa kushoto. Polepole, kama mtu anapoweka kiwiko ukingoni, kisha kifua, kisha goti. Ikakaa sawa tena. Ilikuwa imezama zaidi kuliko mwanzo.

Benchi la katikati likalia.

Injini ikawaka kwa mvuto mmoja. Ingunn alikaa mbele na hakugeuka nyuma nusu saa nzima. Alinusa sweta la sufu lililolowa. Thorlak alikuwa nyuma kwenye usukani, macho yake yakielekea mbele, na benchi la katikati lilikuwa kati yao. Alichokiona hajamwambia mtu hadi leo.

Walipofunga kamba gatini, jua lilikuwa linawaka. Boti ikayumba, kisha ikainuka, kama inavyoinuka mtu mzito anaposhuka.

Walikumbatiana palepale. Walidhani yamekwisha.

Kesho yake asubuhi Asdis alinipigia simu mimi, kwa kuwa nyumba zetu zinapakana. "Njoo na tambara la deki," alisema. "Usimwambie mtu."

Nilimkuta amevaa nguo ya kulalia, amesimama jikoni. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Kwenye mbao za sakafu palikuwa na nyayo za maji, za mtu mzima, pekupeku. Nilipogusa, vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Zilianzia mlangoni, zikapita jikoni, zikaingia chumbani, zikaishia kitandani, upande wa ukutani.

Nilitafuta zilizotoka.

"Usihangaike," Asdis alininong'oneza. "Na punguza sauti. Ndio kwanza amelala."