Milango ya Mzee Kibwana

"Nazi imeanguka. Okota."

Biasha, afisa wa ujasusi, aliipokea sikioni amri hiyo ya fumbo ya kumkamata mtu, akazima injini ya Prado nje ya kliniki moja ya kibinafsi pale Diani. Saa nne asubuhi. Bastola ya Glock ilikuwa chini ya buibui.

Mzee Kibwana alikuwa mtunza ghala la silaha la wanamaji. Alipostaafu, kiharusi kilimfutia njia zote kichwani. Kliniki ikaahidi kumrudishia kwa miwani ya uhalisia pepe: mgonjwa huivaa, akajiona nyumbani kwake, akatembea chumba hata chumba mpaka akili ikumbuke. Tiba ya kweli. Wagonjwa kumi na wawili walikuwa wakipata nafuu.

Isipokuwa Kibwana. Mkewe, Bi Mapenzi, ndiye aliyemletea Biasha habari.

"Mwanangu, miezi mitatu sasa. Nyumbani kwake mwenyewe, msalani hapajui. Lakini milango ya chuma huitaja mmoja mmoja!"

Biasha alielewa palepale. Ndani ya miwani ile hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na ghala, na mzee ndiye aliyekuwa akiwasahihishia ramani watu waliotaka kuliiba.

Aliusukuma mlango taratibu.

Kibwana alisimama katikati ya chumba kitupu, miwani usoni, akipapasa hewa. Lindholm, daktari mgeni, alikuwa kwenye kompyuta.

"Kushoto au kulia, mzee wangu?"

"Kulia, daktari. Ngazi saba, kisha mlango wa baruti. Nikifika hapo nitamwona mke wangu?"

"Utamwona. Endelea."

Biasha alichomoa Glock.

"Mikono juu!"

Lindholm alichomoa kwenye kompyuta fleshi yenye ramani, akaruka dirishani.

Biasha naye akaruka. Walikata bustani, wakaingia ufukweni. Mchanga ulimlemea daktari. Biasha alimvaa mgongoni, akamlaza kifudifudi na kumpokonya fleshi.

Redio ilikoroma; alikuwa mwenzake wa kikosi, kutoka ghuba ya Gazi. "Jaafar hapa, Gazi. Boti iliyokuwa ikingojea ramani tumeinasa kwenye mikoko. Watu wanne, bunduki sita. Ova."

"Ramani ninayo. Ova."

"Wengine wote niliwatibu!" Lindholm alifoka. "Waulize! Sasa wanaijua njia ya kwao!"

"Najua." Mdomo wa Glock ulimgusa kisogo. Kidole cha Biasha kilikuwa kwenye kifyatulio. "Ndiyo maana nakuchukia. Huyu pia ungeweza kumponya."

Hakufyatua. Alimtia pingu.

Aliporudi ndani alimvua mzee miwani polepole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tumefika?"

Simu ya Biasha ililia. Alikuwa Mkuu wake wa kazi, kutoka Nairobi.

"Kazi nzuri. Beba mitambo yote, ni ushahidi."

"Nitabeba huu mmoja wenye ghala, Mkuu. Kumi na wawili wako barazani wanangojea zamu yao. Leta daktari mwingine kesho. Picha za nyumba ya Mzee Kibwana, za kutiwa ndani ya miwani, nitazipiga mwenyewe."

"Biasha, hiyo si kazi yako!"

Alikata simu. Akavaa miwani ya jua, akamshika mzee mkono, wakatoka polepole hadi langoni aliposimama Bi Mapenzi.

"Nieleze, mama," alisema akifungua mlango wa Prado. "Mtu akitoka kitandani, msalani kwenu anapita wapi?"